Tunauliza kuhusu ARV tu, na CD4 je?

Tangu Januari 2025, Rais Donald Trump aliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, swali mtaani limekuwa moja: ARV zipo ama zimeisha? Ni swali la maana. Lakini kuna lingine ambalo silisikii. Mtu aliyekosa dawa kwa miezi kadhaa akirudi kliniki, je, anapimwa CD4, ama anapewa chupa ya tembe na kuambiwa aende nyumbani?

Wengi wetu tunafikiria kinga ya mwili ni kama betri ya simu, iko juu ama iko chini. Ndiyo maana kila ukifungua TikTok kuna msee anakuuzia unga wa "kuongeza kinga". Hebu fikiria ploti yenu badala yake: kuna geti, soja wa usiku, mbwa, na yule mama wa chini anayejua kila mtu. Mbwa akifa, anaingia mwizi wa kuruka ukuta. Mama akihama, anaingia tapeli anayejifanya fundi wa stima. Kila pengo lina mwizi wake.

HIV huua seli za CD4, zile zinazowaamsha askari wengine. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo 500 hadi 1,500 kwa kila maikrolita ya damu. TB haina subira, inaweza kukupata hata kabla hazijashuka sana. Zikienda chini ya 200, huingia Pneumocystis, kuvu ya mapafu ambayo mimi na wewe pengine tulishaivuta bila kuugua. Hiyo ndiyo iliyofichua Ukimwi: Juni 5, 1981, ripoti moja Marekani ilieleza nimonia hiyo kwa vijana watano wa Los Angeles. HIV ilikuwa haijajulikana, lakini aina ya ugonjwa iliwaonyesha madaktari pengo liko wapi.

Chini ya 100 ndipo Cryptococcus hupata nafasi kubwa zaidi. Hii ni kuvu inayokaa kwenye udongo na kinyesi cha njiwa. Unaivuta, inapanda hadi ubongoni. Kichwa kinauma wiki, mbili, shingo inakaza, macho yanaona ukungu. Nyumbani wanasema ni malaria, ama stress, ama kuna jirani amekufanyia kitu.

Linganisha na mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ulio mwingi Magharibi, Nyanza na Pwani. Shida yake haiko kwa CD4. Kilichoharibika ni wengu, chujio la damu, kwa hivyo adui wake mkubwa ni bakteria kama nyumokoka, na homa ya asubuhi inaweza kumuua kabla ya usiku. Ndiyo sababu hupewa penisilini kila siku akiwa mdogo. Sasa huo unga wa TikTok unaziba pengo gani hapo?

Turudi kliniki. Tangu 2016, Kenya humwanzishia dawa kila mwenye HIV bila kungoja CD4 ishuke. Uamuzi mzuri sana, ila kipimo cha CD4 kikaanza kuonekana kama cha ziada, na macho yote yakahamia kwa wingi wa virusi. Kipimo hicho kinakwambia dawa inafanya kazi ama la. Hakikwambii ni mlango upi uko wazi leo.

WHO inataka anayeanza dawa na anayerudi baada ya kuziacha wapimwe CD4. Aliye chini ya 200 apimwe na Cryptococcus, kipimo cha dakika chache kinachoweza kuinasa wiki kadhaa kabla kichwa hakijauma. Tembe za flukonazoli huizuia, na Septrini, dawa ya bei rahisi, huizuia Pneumocystis. Ikishafika ubongoni ni kulazwa, sindano za amfoterisini, na kutobolewa mgongo tena na tena ili presha ya kichwa ishuke.

Halafu kuna hili, ndilo linanikosesha usingizi: ukimpa ARV haraka mtu ambaye tayari ana kuvu hiyo ubongoni, kinga ikiamka ghafla inaweza kumuua. WHO inasema atibiwe kuvu kwanza, ARV zingoje wiki 4 hadi 6. Bila kipimo, nesi atajuaje?

Kwa hivyo wakitangaza tena ni chupa ngapi za ARV ziko kwenye ghala, muulize mbunge wako CD4 inapimwa wapi kwenu, na majibu yanachukua siku ngapi. Na kama wewe ama beshte wako aliziacha dawa, rudini kliniki wiki hii. Semeni wazi mlikaa muda gani bila dawa, na kama kichwa kinauma, lisemeni hilo kwanza.