Oili Yenye Maji na Dereva Asiyesikizwa

Ndugu askari na polisi, kila mmoja wetu amefunzwa kuikagua bunduki yake kabla ya doria. Ni jambo la kusikitisha basi kwamba gari litakalotubeba twalipanda alfajiri bila ya kuuliza hali ya oili yake.

Oili iliyoingiwa na maji hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Oili ya namna hiyo haiwezi tena kukinga beringi. Chuma hukwaruza chuma, na injini hukwama, pengine porini usiku.

Nalijua lori moja ambalo dereva wake alikichomoa kijiti cha oili akaonyesha weupe huo. Aliitwa mvivu, akaamriwa awashe. Injini ilikufa kabla ya safari kwisha, na aliyeadhibiwa ni yeye. Siku chache baadaye maji yalikutwa chini ya pipa la oili lililokuwa likitumika kambini.

Pipa huingiaje maji na kizibo kimekazwa? Likisimamishwa nje, maji ya mvua hutuama juu ya kifuniko. Jua la mchana huitanua hewa ya ndani, nayo ikapenya nje. Usiku hewa iliyobaki husinyaa, na pipa likayavuta maji kupitia kizibo. Hapa Uganda, ambako jua na mvua huweza kukutana siku moja, oili mpya huweza kuharibika hivyo kabla haijatiwa garini. Pipa lisilo na banda na lilazwe, vizibo vyake viwili vikae kimoja kushoto na kimoja kulia, chini ya usawa wa oili. Kazi hiyo haihitaji fedha, ila mikono ya watu wawili.

Maji huweza pia kutoka katika rejeta yakapitia gasketi ya silinda hedi iliyoungua, au gari likavushwa mtoni kupita kipimo chake. Land Rover Defender ya zamani iliundwa ivuke kina cha sentimita 50. Ni wangapi kati yetu hupima kwanza?

Rai yangu ni kwamba dereva akiripoti weupe, afisa ashuke akitazame kijiti kwa macho yake. Akitilia shaka, tone moja lidondoshwe juu ya bati la moto. Likitatarika, maji yamo, na gari hilo lisiwashwe mpaka fundi afike, hata kama anayesubiri safari ni afande mkuu.