Kufunza Mbwa wa Msako ni Ufundi, Andikeni Hivyo

Niseme wazi tangu mwanzo, anayetaka kukasirika akasirike mapema: mtu anayejua kufunza mbwa kufuata sungura ni fundi, sawa na seremala au fundi cherehani. Ofisi inayomwandika "hana ujuzi" imeandika uongo.

Hapa Kawempe niliwahi kutafsiri kwenye zoezi la kuandikisha wakimbizi kwa mafunzo ya kazi. Shirika silitaji. Mjomba wangu, mzee wa Irumu, akaulizwa, "Mzee, kwenu ulikuwa unafanya kazi gani?" Akajibu, "Nafunza mbwa, mwanangu. Mbwa wa kusaka." Kijana akatabasamu, si kwa ubaya, akatia alama penye "hakuna". Fomu ilikuwa na ushonaji, saluni, sabuni, mikate. Mbwa hawamo. Kwenye foleni Mkongo mwenzetu akasema kwa sauti, "Hiyo si kazi ya washenzi?" Watu wakacheka.

Sasa tulitazame hilo neno. Mbwa wa kwetu, yule mdogo mwenye masikio wima na mkia uliojikunja, anajulikana duniani kwa jina la basenji. Jina limetoka wapi? Wakati wa ukoloni watu wa vijijini Kongo waliitwa basenji, na ni neno letu lile lile, washenzi. Mwaka 1895 mbwa hao walionyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts, Uingereza, wakafa kwa ugonjwa. Miaka ya 1930 wakapelekwa wengine, wakaishi, wakazaliana, na leo wana vyama vyao na vyeti vya ukoo. Yaani mbwa ana cheti. Mzee aliyerithi kazi ya kumfunza kutoka kwa babu zake ndiye hana ujuzi!

Na kazi yenyewe wanaoicheka hawaijui. Mtoto wa mbwa anaanza na ngozi ya sungura unayoiburuza nyasini alfajiri, umande bado upo, maana ardhi yenye unyevu inashika harufu na jua la mchana linaipoteza. Ngozi unaificha. Akiipata, anapewa kipande cha ini. Akipotea humpigi, unamrudisha pale alipoiacha harufu, aanze tena. Ukimpiga amejifunza kukuogopa wewe, basi. Baadaye anatoka na mbwa mzee, mmoja tu, na huyo anamfundisha mengi kuliko mtu yeyote.

Sungura naye si mjinga, hadithi zote za bibi zetu zinasema hivyo. Anazunguka, anarudi juu ya nyayo zake mwenyewe, anaruka pembeni, analala kimya. Mbwa mchanga akifika hapo anapitiliza mbio. Aliyefunzwa anasimama, anazunguka polepole mpaka aishike harufu tena. Msasi hamfukuzi sungura. Anasimama karibu na pale alipoamshwa, kwa sababu mara nyingi atarudi hapo hapo. Na kwa kuwa mbwa hawa kwa kawaida hawabweki, wanavishwa kengele ya mti shingoni. Kwa mlio huo tu mjomba anajua kama mbwa aliye ndani ya nyasi anatembea, anakimbia au amesimama. Halafu somo gumu kuliko yote: kumfunza mbwa mwenye njaa asile alichokamata. Mimi kuna viongozi wa foleni ya chakula ningependa wapitie darasa hilo.

Jirani zangu Waislamu, na Kawempe wako wengi, huniambia mbwa ni najisi. Kuhusu mate ya mbwa sibishani nao. Lakini Sura ya Maida, aya ya 4, inahalalisha windo la mnyama aliyefunzwa, jina la Mungu likishatajwa. Aliyefunzwa. Hapo pia mafunzo ndiyo yanayoleta tofauti.

Wengine, hasa wageni wa mashirika, wanamhurumia sungura. Sawa. Uingereza ilipiga marufuku kuwinda sungura wakubwa wa porini kwa mbwa kwa sheria ya mwaka 2004. Waliokuwa wakiwinda waliitwa wakatili, ila sijasikia wakiitwa watu wasio na ujuzi.

Wala siwaambii vijana wa Kyangwali wachukue mbwa waingie msitu wa Bugoma. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inakataza kuwinda bila kibali, na anayekamatwa ataozea jela. Tuiheshimu. Ninachodai ni kwamba kukatazwa kuwinda hakujaufuta ujuzi. Pua inayofuata sungura ndiyo inayofuata mwizi. Polisi wa Uganda wana mbwa wa kufuata harufu, na wa kunusa magari wako kwenye milango ya mahoteli makubwa ya Kampala. Kuna na kichaa cha mbwa: Shirika la Afya Duniani linasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakatika. Haya, mbwa wa majalala ya Kalerwe na Bwaise, ambao watoto wetu wanawarushia mawe, nani atawashika wachanjwe bila kung'atwa? Daktari peke yake?

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Basi nyinyi wa mashirika, ongezeni mstari mmoja kwenye fomu: ufugaji na mafunzo ya mbwa. Mkiwa na shaka, pimeni. Msusi mnampima kwa kichwa cha mtu. Mjomba mpeni mbwa mmoja wa jalalani, chakula cha huyo mbwa, na miezi mitatu, kisha mje na ngozi yenu muifiche mnapotaka.