KUFYATUA SI KUWINDA

  

Ndugu zetu katika imani, hapa Mbweni, kuanzia upande wa magofu ya misheni hadi kwenye mikoko ya pwani, si jambo geni baada ya sala ya Alasiri kumuona kijana, na pengine mtu mzima mwenye ndevu zake, amebeba bunduki ya upepo akiwanyemelea tetere na pugi juu ya miembe. Hatuna ugomvi na uwindaji. Qur'ani imeuhalalisha, na Masahaba waliwinda. Ugomvi wetu ni juu ya chombo kinachobebwa, na zaidi ni juu ya hoja inayotolewa kukitetea.

Hoja yenyewe tumeisikia mara nyingi, hata barazani pa msikiti. Husema mwenye kuisema: "Bunduki yangu ni dhaifu, haiui. Ndege huanguka naye yu hai, nikamchinja. Kwa hivyo nyama yangu ni halali zaidi kuliko ya mwenye bunduki kali." Na aliyesoma kidogo huongeza kwamba Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameruhusu.

Tuanze na huyo Imam, maana kumsingizia mwanachuoni si jambo jepesi. Nawawi amelizungumza suala hili katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, alipofika kwenye Hadithi ya Abdullah bin Mughaffal (RA). Humo Mtume (SAW) amekataza kurusha vijiwe kwa vidole, na sababu ikatajwa hapo hapo: kijiwe hakipati windo wala hakimdhuru adui, bali huvunja jino na kupofua jicho. Ibn Mughaffal alipomuona mtu yule yule akirudia baada ya kuambiwa, alimsusa asiseme naye. Kisha Nawawi akavua katika katazo hilo kuwapiga ndege wakubwa kwa vitufe vya udongo, ikiwa aghlabu haviwauwi, bali wanadirikiwa wakiwa hai na kuchinjwa. Wasomaji wazingatie: ndege wakubwa, na wanadirikiwa. Je, tetere aliyepigwa bawani akaruka na chembe ya risasi ndani ya mwili hadi kichakani, akafa siku ya pili, amedirikiwa na nani? Huyo ni jino lililovunjwa na jicho lililopofuliwa. Bunduki dhaifu imeingia katika sababu ya katazo, haikuingia katika ruhusa.

Tena ipo Hadithi ya Shaddad bin Aws (RA), aliyoipokea Muslim, kwamba Allah amefaradhisha wema katika kila kitu, hata katika kuuwa na kuchinja, na kwamba kisu kinolewe ili mnyama apumzishwe. Mtu anayeona haya kuchinja kuku kwa kisu butu, vipi haoni haya kumpiga njiwa kwa chombo butu?

Sasa tuseme juu ya nguvu, kwa kuwa wengi hununua wasichokijua. Nguvu ya risasi hupimwa kwa jouli, nayo inatokana na vitu viwili: uzito wa chembe na mwendo wake. Muuzaji atakusomea mwendo tu, kwani mwendo unapendeza masikioni, na huenda umepimwa kwa chembe nyepesi kuliko utakayoitumia wewe. Chembe ya milimita 4.5 yenye nusu gramu, ikitoka kwa mwendo wa mita 170 kwa sekunde, ina jouli 7 na kidogo. Kule Ujerumani bunduki isiyozidi jouli 7.5 mtu mzima huinunua bila ya kibali cha silaha. Ni chombo cha kulengea karatasi. Ama chembe ya milimita 5.5 yenye gramu moja, ikitoka kwa mita 180, hufikia jouli 16, na hicho ndicho kiwango ambacho wawindaji wa England hukitumia kwa njiwa na sungura, nao hujizuia wasipige mbali zaidi ya mita 30 hivi. Wenye bunduki hizo hujizuia mita 30, na sisi wenye nusu ya nguvu hiyo tunampiga ndege aliye kileleni mwa mnazi!

Asidhani mtu kuwa upepo kwa asili yake ni dhaifu. Jeshi la Austria mwishoni mwa karne ya 18 lilipigana vita kwa bunduki za upepo. Udhaifu ni wa hicho ulichokinunua.

Na hapa ndipo nguvu inapokuwa suala la halali na haramu, si la huruma peke yake. Adi bin Hatim (RA) alimuuliza Mtume (SAW) juu ya windo lililopigwa kwa mi'radh, nao ni mti wenye ncha. Jawabu likawa: lililotobolewa kwa ncha huliwa, lililopigwa kwa ubavu wa mti haliliwi, kwani hilo limekufa kwa kipigo, na aliyekufa kwa kipigo ametajwa katika Suratul-Maida pamoja na nyamafu. Maulamaa wa baadaye walikhitilafiana juu ya risasi ya baruti. Ibn Abidin wa Damascus (aliyefariki 1252 Hijria) aliona inauwa kwa kuunguza na kwa kishindo, haina makali, basi windo lake haliliwi bila ya kuchinjwa. Shawkani wa Yemen (aliyefariki 1250 Hijria) aliona inatoboa, basi ni halali ikiwa mpigaji ametaja jina la Allah. Wote wawili wanaulizia kutoboa. Bunduki ya upepo isiyotoboa haina mtetezi kwa Ibn Abidin wala kwa Shawkani; ndege aliyekufa kwayo ni mfu wa kipigo tu.

Msimamo wetu ni huu. Asiyekuwa na bunduki yenye kutoboa, na asiwinde. Aliyenayo, kwanza aulize polisi juu ya kibali kabla ya kulipa. Kisha alenge karatasi mpaka ajue masafa ambayo risasi zake tano zote huingia katika duara la sentimita 2.5; masafa hayo, yawe mita 20 au 15, ndiyo mpaka wake. Alenge kichwa, kwa kuwa bawa lililokunjwa na mfuko wa chakula uliojaa nafaka huizuia chembe. Ataje jina la Allah anapofyatua, na kisu kiwe kiunoni. Akimkuta ndege yu hai, amchinje papo hapo. Akimkuta amekufa, sisi tuliosomeshwa Fiqhi ya Kishafii tunaona kumwacha ni salama zaidi. Na akitumbukia majini penye mikoko akafa humo, basi hata kwa mshale asingeliwa, kwa kuwa haijulikani kilichomuuwa ni mshale au maji. Paa nunga na kima punju hatuwataji, maana hao wanalindwa kisheria, na bunduki ya upepo si yao kwa hali yoyote.

Wapo watakaosema: "Sisi twapiga kunguru tu." Kunguru kweli yumo katika watano walioruhusiwa kuuliwa, na hawa wa Kihindi walioletwa kisiwani mwishoni mwa karne ya 19 wanakula mayai na makinda ya ndege wengine. Lakini Hadithi ya Shaddad haikumvua kunguru. Aliyeruhusiwa kuuliwa hakuruhusiwa kuteswa.

Neno la mwisho ni kwa wazazi wanaowanunulia watoto bunduki hizi Sikukuu. Ibn Umar (RA) aliwapitia vijana wa Kikureshi waliomfunga ndege wakamfanya shabaha, wakikubaliana kuwa kila mshale utakaokosa ni wa mwenye ndege. Walipomuona walitawanyika, naye akawaambia kuwa Mtume (SAW) amemlaani anayekifanya shabaha kitu chenye roho. Mtoto awekewe kopo tupu mbele ya ukuta mzima, asilenge upande wa nyumba za jirani, na mzazi asimame naye mpaka chembe ya mwisho.

Wallahu aalam.