Jamaa Mezani: Mwanamitindo na Rafiki Zake wa Zamani

Wako wasichana wengi wa shule ambao, wakiulizwa watafanya kazi gani baadaye, hujibu bila kusita: mwanamitindo. Wameona picha katika simu za kaka zao, wameona nguo, taa na wapiga picha, nao hufikiri kwamba kazi yenyewe ni kutembea na kutazamwa. Mimi siwacheki. Kazi hiyo ni kazi kama nyingine, nayo imewatoa watu wa kuheshimiwa. Lakini juma hili nataka tuitazame kutoka upande ambao picha hazionyeshi, yaani upande wa meza ya chakula.

Binti nitakayemsimulia hana jina, maana nimemtunga mwenyewe. Mambo yanayompata sikuyatunga. Waganga wanayajua, na kina mama wengi wanayajua pia. Tuseme ni mzaliwa wa Lubumbashi, ana miaka 23, anakaa katika chumba kimoja huko Bruxelles, na anaishi kwa kuonyesha mavazi. Siku ya Ijumaa wakamfikia rafiki zake wawili waliokaa naye benchi moja shuleni. Mmoja ni mwalimu, ametoka Lubumbashi kwa mafunzo ya majuma mawili. Mwingine ni muuguzi katika mji wa Liège, ambako gari la moshi hufika Bruxelles kwa muda wa saa moja hivi. Walikuwa hawajaonana wote watatu kwa miaka minne.

Mgeni kwetu hapewi maneno matupu. Binti yule akawapeleka jioni ileile katika mkahawa mmoja karibu na Grand-Place, mahali penye vitambaa vyeupe mezani na bei zinazomfanya mwalimu ahesabu kimoyomoyo mshahara wake. Wageni wakaletewa kome, wale viumbe wa bahari wenye magamba mawili meusi, wanaotoka Zeeland kule Uholanzi. Wabelgiji huwapika pamoja na seleri na vitunguu, na kila mtu hupewa chungu chake, karibu kilo nzima, na viazi vya kukaanga kando. Mwalimu alicheka mpaka machozi alipoonyeshwa namna ya kula: unashika gamba tupu kwa vidole, unalitumia kama koleo kumtoa kome wa pili. "Basi hata Wazungu wanakula kwa mkono!" alisema.

Mwenyeji wao aliagiza majani ya saladi na maji. Alisema alikuwa amekula mchana. Aliyasogeza majani kutoka upande huu wa sahani mpaka upande ule, akakata nyanya moja vipande vinane, akaongea sana, akawauliza habari za walimu wa zamani, nani ameolewa, nani amefiwa. Hesabu ilipoletwa aliikamata mbele ya wengine. (Wanaosafiri wajue: huko Ubelgiji malipo ya utumishi yamo tayari ndani ya hesabu, wala si lazima kuongeza kitu.) Mwalimu akataka kutoa sehemu yake, akakataliwa kwa ukali kidogo. Mtu wa kwetu hawezi kumlipisha mgeni, hilo sote twalikubali. Ila muuguzi alikuwa ameona jambo: mtu mmoja kati yao alilipa chakula cha watatu, naye peke yake hakula.

Hapa inatupasa kueleza kazi yenyewe, la sivyo tutamhukumu binti huyu bure.

Neno la Kifaransa la mwanamitindo, mannequin, lilitokana na neno la Kiflamandi cha zamani lenye maana ya mtu mdogo, au sanamu ya mtu. Na kweli, kabla ya kuwako wanawake wa kazi hiyo, washonaji walionyesha nguo juu ya sanamu. Katika miaka ya 1850 mjini Paris, msichana wa dukani jina lake Marie Vernet alianza kuvaa nguo zilizobuniwa na Charles Frederick Worth ili wanunuzi wazione juu ya mwili unaotembea; akawa mke wake, na yeye ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza katika kazi hiyo. Tangu hapo wamekuja wengi, hata kutoka Afrika. Iman, Msomali, alikuwa mwanafunzi Nairobi alipoonwa na mpiga picha Peter Beard mwaka 1975. Alek Wek alikimbia vita vya Sudani, akafika London mwaka 1991 akiwa msichana mdogo. Na Noëlla Coursaris Musunka, ambaye ni mzaliwa wa Lubumbashi, alianzisha mwaka 2007 shirika la Malaika, lenye shule ya wasichana isiyolipiwa katika kijiji cha Kalebuka, kando ya mji wake wa kuzaliwa. Basi asiniambie mtu kwamba kazi hii haina heshima.

Ubaya umo mahali pengine. Mshonaji wa kwetu hukupima kwanza, ndipo akate kitambaa. Katika maonyesho makubwa ya mavazi mambo huenda kinyume: nguo hushonwa kwanza, zote kwa kipimo kimoja chembamba, kisha hutafutwa binti wa kuingia ndani yake. Nguo haitapunguzwa wala kuongezwa. Mwili ndio utakaopunguzwa. Tena binti mgeni huanza kazi akiwa na deni. Wakala aliyemwita humlipia nauli, chumba na picha za kwanza, kisha huzikata fedha hizo katika mishahara yake, hata mwingine hufanya kazi miezi mingi asione kitu mkononi. Na nyumbani, mama na wadogo zake wanangoja. Wameona picha yake. Watasadikije kwamba hana fedha?

Watu walikufa kabla ya wakubwa kufungua macho. Agosti 2006 Luisel Ramos wa Uruguay, mwenye miaka 22, alikufa mjini Montevideo baada tu ya kutembea katika maonyesho. Novemba mwaka ule ule Ana Carolina Reston wa Brazil akafa akiwa na miaka 21. Kati ya vifo hivyo viwili, mnamo Septemba, mji wa Madrid ulikuwa umekwisha kuwazuia wanawake waliokonda mno wasipande jukwaani. Walitumia hesabu ambayo kila mwanafunzi aweza kuifanya: chukua kimo chako kwa mita, ukizidishe kwa chenyewe, kisha ugawanye uzito wako kwa jibu hilo. Madrid walitaka isipungue 18. Shirika la Afya Duniani husema mtu mzima aliye chini ya 18.5 ni mwembamba kupita kiasi. Mwenye kimo cha mita 1.75, basi, kwa sheria ya Madrid awe na kilo 55.

Ufaransa nayo ilitunga sheria mwaka 2016, ikaanza kutumika mwaka 2017. Mwanamitindo hana ruhusa ya kufanya kazi huko bila cheti cha daktari, nacho hakidumu zaidi ya miaka miwili. Wakala anayeivunja aweza kufungwa miezi sita na kutozwa euro 75,000. Hata picha za biashara ambazo mwili umepunguzwa au kunenepeshwa kwa mashine lazima ziandikwe kwamba zimerekebishwa. Sheria nzuri, lakini miaka miwili ni muda mrefu. Binti wetu ana kimo hicho cha mita 1.75. Siku alipopewa cheti chake alikuwa na kilo 57. Ijumaa ile ya kome alikuwa na 49.

Jumamosi alikwenda kupimwa nguo tangu asubuhi. Jioni rafiki zake wakasema: leo sisi ndio tunaokualika, nasi tunachagua mahali. Wakampeleka Matonge, ule mtaa wa Ixelles karibu na Porte de Namur uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Kule mtu akifumba macho aweza kudhani amerudi nyumbani. Kuna safu na mihogo, kuna kwanga iliyofungwa katika majani, kuna vinyozi na wasusi, na muziki unatoka katika kila mlango. Katika mkahawa mdogo usio na kitambaa mezani wakaletewa bukari, sombe yenye mawese, makayabu na pilipili. Kabla ya kula wakapewa beseni na maji ya kunawa.

Hapo muuguzi akaona jambo la pili. Juu ya vifundo vya vidole viwili vya mkono wa kuume wa rafiki yake palikuwa na makovu madogo. Mwalimu hangeweza kujua maana yake. Muuguzi alijua: ni meno yanayochubua hapo, mtu anapojitia vidole kooni mara kwa mara ili atapike alichokula.

Na usiku ule binti alikula. Alimega bukari, akachovya, akala kama mtu aliyerudi kutoka jangwani. Alisema hata mama yake hapiki sombe ya namna ile, kisha akajisahihisha. Mwalimu alifurahi sana. Sahani ilipokwisha, binti akasimama akaelekea nyuma ya nyumba. Muuguzi akasimama naye.

"Ndugu yangu," akamwambia mlangoni, "nami nakwenda kunawa. Twende pamoja, kisha turudi pamoja."

Yule akamtazama muda mrefu. Kisha wakanawa, wakarudi wakakaa.

Nawaomba wasomaji waangalie kile ambacho muuguzi hakukisema. Hakusema, "Umekonda, unanitia aibu." Hakusema, "Kula, watoto wangapi wa kwetu wamekosa chakula!" Maneno hayo tunayapenda, nayo hayamponyi mtu, maana ugonjwa huu hautokani na kudharau chakula. Ni ugonjwa kweli, una jina lake katika vitabu vya tiba. Mwili ukinyimwa chakula, hedhi hukoma, mifupa hupoteza nguvu, mikono hukaa baridi hata wakati wa jua, na moyo hupiga polepole. Kutapika nako huharibu meno na kuondoa chumvi ile iitwayo potasiamu, na ikipungua sana moyo waweza kusimama ghafula, hata kwa mtu ambaye jana alicheka mezani. Mgonjwa mwenyewe huwa wa mwisho kukubali. Kumlazimisha ale ghafula chakula kingi baada ya njaa ya siku nyingi nako ni hatari. Daktari ndiye anayejua kumrudisha kidogo kidogo. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo, awe Bruxelles au Kolwezi, asingoje mpaka aanguke.

Usiku wakalala chumbani kwa binti, wawili kitandani na mmoja chini, kama walivyolala zamani wakati wa likizo. Taa ilipozimwa ndipo aliposema. Alisema Jumanne anatakiwa Paris. Alisema nguo iliingia, ila kwa shida, na mwanamke mwenye sindano alinung'unika. Alisema deni lililobaki si kubwa, na akienda Paris mara mbili litakwisha, ndipo atakapoanza kula. Mwalimu, ambaye mpaka hapo hakuwa ameelewa, aliuliza gizani: "Na mama yako anajua?"

"Mama anajua kwamba nguo ni nzuri."

Dominika walitoka kanisani saa sita, wakanunua kuku na mchele. Hawakwenda mkahawani tena. Mwalimu alipika, na kwa kuwa jiko lilikuwa na moto mmoja tu walikula saa tisa. Binti alikula vijiko vichache vya mchele na kipande kidogo cha kuku, polepole, rafiki zake wakizungumza habari nyingine bila kumhesabia. Walikaa naye saa nzima baada ya kula, wakicheza karata. Ile ndiyo saa iliyo ngumu kuliko zote kwa mtu wa namna hiyo, na ndiyo maana muuguzi alizileta karata kutoka Liège tangu Ijumaa. Alikuwa ameona picha za rafiki yake kwa miezi mingi, naye alikuja na wasiwasi wake mfukoni.

Saa kumi na mbili mwalimu akaaga kurudi kwenye mafunzo yake. Mlangoni akampa binti noti ya euro 20, ile aliyokatazwa kuitoa Ijumaa. Safari hii haikurudishwa.

Muuguzi alikuwa na tikiti ya gari la moshi la saa moja na nusu usiku. Akapiga simu hospitalini kwake, akaomba mwenzake amshikie zamu ya asubuhi. Jumatatu saa mbili wakaenda wawili kwa daktari. Binti akapimwa uzito, moyo na damu, na daktari akaandika barua mbili: moja ya kumpeleka kwa mganga wa ugonjwa huo, ya pili kwa wakala, kwamba safari ya Jumanne haiwezekani. Binti aliishika ile ya pili njia nzima bila kuitia mkobani. Walipofika mbele ya sanduku la posta akaomba muuguzi aitie yeye. Muuguzi akakataa, akasema atangoja. Wakasimama pale, baridi ikiwapiga, kwa muda wa robo saa hivi, kisha barua ikaingia.