Saa ya mkononi inaona kifafa. Kanisa nalo linaona nini?

Mwaka wa 2018, FDA, idara ya Marekani inayosimamia dawa na vyombo vya matibabu, iliruhusu saa ya mkononi iitwayo Embrace itumiwe na watu wazima wenye kifafa. Mwaka uliofuata iliruhusiwa kwa watoto pia, tangu miaka 6. Saa hiyo inapima mtikisiko wa mkono na jasho la ngozi. Mgonjwa akishikwa kwa nguvu, inatuma habari kwenye simu ya ndugu yake ili aje upesi.

Tunamshukuru Mungu kwa akili aliyowapa watafiti. Mgonjwa anayeshikwa usiku akiwa peke yake anaweza kufa bila mtu kujua. Lakini saa hiyo inaita watu tu, haiponyi. Tena inahitaji umeme, simu, na mtu aliye tayari kuja.

Hapo ndipo habari hii inatugusa sisi wa mashariki. Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu watu karibu milioni 50 wenye kifafa, na karibu 80 kwa mia kati yao wako katika nchi maskini na zenye kipato cha kati. Hadi 70 kwa mia wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetibiwa vema. Fenobarbitali, dawa ya bei ndogo, inajulikana kwa zaidi ya miaka 100. Kwa hiyo wagonjwa wetu hawateswi kwanza na kukosa saa. Wanateswa na kidonge kisichofika kituo cha afya, na hofu yetu ya kuwagusa.

Huko Ituri, watafiti waliona kifafa kingi katika vijiji vyenye onkoserkosi, ugonjwa unaoletwa na nzi weusi wa mitoni. Kwa hiyo Mectizan inapogawiwa kijijini, tusiikatae.

Wengi kati yetu bado wanasema povu la mgonjwa linaambukiza. Si kweli. Kwa uongo huo mtoto anaondolewa shuleni, na mama anaungua jikoni kwa kuwa majirani wamekimbia. Wengine wanaacha dawa baada ya kuombewa, kisha wanaanguka vibaya zaidi. Maombi na vidonge havigombani. Kuacha dawa ghafula ni hatari.

Mtu akianguka, tuondoe moto na vitu vigumu karibu naye, tumlaze ubavu, tusimtie kijiko kinywani, tusimwache. Zikipita dakika 5 bila kutulia, tumkimbize kituo cha afya.

Wachungaji, mama na vijana, katika kila parokia tujue nani ana kifafa, nani analala jirani naye, na dawa yake inaisha siku gani. Kazi hiyo haingoji saa kutoka Marekani. Tunaweza kuianza Jumapili hii.