Mcheza kwao hutunzwa: vijana wa Tarasaa wapewe sakafu

Ukipita Tarasaa baada ya alasiri siku hizi, utawakuta vijana wamekunjua katoni chini, simu imeegemezwa kwenye tofali, muziki unalia. Mmoja anajizungusha kwa mgongo, wenzake wamemzunguka wanapiga makofi. Walianza wachache. Sasa duara limekua, na watoto wa shule wakirudi nyumbani husimama kutazama.

Hiyo ndiyo brekidansi, na watu wazima wananiuliza maswali mawili: huu si uhuni? Na utawaletea nini? Maswali yote mawili ni halali na yanastahili jibu.

Tuanze na uhuni. Mchezo huu ulizaliwa Bronx, mtaa wa maskini jijini New York, ambako magenge ya vijana yalikuwa yakiuana. Desemba 1971, baada ya kijana mmoja aliyetumwa kupatanisha kuuawa, viongozi wa magenge waliketi kikao wakakubaliana amani. Agosti 1973 DJ Kool Herc alipiga muziki katika sherehe ya dada yake, na sherehe za namna ile ndizo zilizokuza uchezaji huu. Vijana waliokuwa wakikwepana mitaani wakaanza kukutana ndani ya duara. Sharti lake ni moja: utamkabili mwenzako, utamringia, utamfanyia kila mbwembwe, lakini humgusi. Anayeshinda ameshinda kwa ufundi.

Sisi wa pwani jambo hili si geni. Babu zetu walicheza beni. Mombasa ilikuwa na vikundi vyake, Kingi na Skochi, vikishindana kwa mavazi, tarumbeta na gwaride. Nao walilaumiwa na wakubwa wa wakati wao kwamba wanaiga ya kigeni na kupoteza fedha. Leo beni ni sehemu ya historia yetu, tunaisimulia kwa fahari.

Lakini Tarasaa ina sababu yake zaidi. Mnamo 2012 na mwanzoni mwa 2013, Tana Delta ilizika zaidi ya watu mia moja. Riketa peke yake, asubuhi ya Agosti 22, 2012, waliuawa zaidi ya hamsini, wengi wao wanawake na watoto. Aliyekuwa mgongoni mwa mamake mwaka ule, leo ndiye huyu anayejipindua kwenye katoni.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Ugomvi ule ulikuwa wa ardhi, maji na malisho, ukachochewa na siasa. Brekidansi haitachora mpaka wala haitafungua njia ya mifugo kwenda mtoni. Hayo ni kazi ya serikali na wazee. Ila uvumi mbaya hupita haraka pale ambapo watu hawajuani. Kijana wa Kipokomo, wa Kiorma na wa Kiwardei waliotoka jasho pamoja wanajuana kwa majina, na wanajua nyumba ya nani iko wapi. Siku uvumi ukija, kuna wa kumpigia simu na kumuuliza.

Mfano uko jirani. Mwaka 2006 Abramz Tekya alianzisha Breakdance Project Uganda mjini Kampala. Mafunzo yalikuwa ya bure, mahali panapojulikana, katika kituo cha vijana cha Nsambya, kwa siku maalumu za juma. Kanuni yao ni kwamba kila mtu ni mwalimu na kila mtu ni mwanafunzi: aliyejifunza hatua moja leo anamfundisha aliyekuja leo hiyo hiyo. Kazi hiyo ikafika hadi Gulu, kaskazini, kwa vijana waliokulia katika vita. Nikiitazama, naona kilichowakuza ni vitu vitatu: mahali, siku isiyobadilika, na mlango usiomuuliza mtu kabila wala karo.

Sasa swali la pili: utawaletea nini? Hapa tusiwadanganye watoto. Ni kweli brekidansi ilichezwa kwenye Olimpiki ya Paris 2024, lakini haimo katika Olimpiki ya Los Angeles 2028. Imo katika Olimpiki ya Vijana ya Dakar, Senegal, mwaka 2026, na hilo ni jambo la kufurahia. Lakini wa kufika huko ni wachache mno. Wapo pia wanaosarakasika katika hoteli za Malindi na Diani kwa ujira, nao si wengi. Faida ya hakika ni ndogo na iko karibu: mwili wenye afya, jioni isiyo ya miraa na vijiwe, na kijana aliyejifunza kushindwa mbele ya watu bila kushika fimbo.

Naona hatari mbili. Ya kwanza ni shingo. Kuzunguka kwa kichwa kwenye ardhi ngumu bila mkubwa wa kusimamia kunaweza kumlemaza mtoto. Ya pili ni uchaguzi wa 2027. Tunajua mtindo: kikundi kikianza kujulikana, mwanasiasa analeta fulana na lori, mwingine anakuja na zake, na kabla ya siku ya kura kikundi kimeshagawanyika kwa vyama. Na hapa kwetu, kugawanyika kwa vyama hakukai mbali na kugawanyika kwa kabila.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa serikali ya kaunti: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limewakabidhi nyinyi shughuli za utamaduni na michezo pamoja na viwanja vyake. Sakafu ya saruji iliyolainishwa, mikeka minene na paa la mabati si mradi wa mamilioni ya kutangazwa. Kwa wazazi na viongozi wa dini: kaeni na vijana mpange saa ambazo hazigongani na maghrib wala ibada ya Jumapili, na mpange zamu ya wasichana kwa namna itakayowatuliza mama zao. Mkiwafukuza, watacheza mahali msipowaona.

Na kwenu wachezaji: fulana za kampeni zikija, zikataeni zote kwa pamoja, hata za mtu mnayempenda. Duara lenu liwe la yeyote anayetaka kujifunza.

Waswahili walisema mcheza kwao hutunzwa. Mafuriko yanayokata barabara zetu yatarudi, na kampeni zimekaribia. Sakafu hiyo ijengwe kabla ya vyote viwili.