Ukimjengea mama sauna, ataketi wapi?

Fungua simu yako sasa hivi, hutakosa kukutana na sauna ya mtu. Mbao zinang'aa, mvuke umejaa, mwenyewe amejifunga taulo na ameandika kitu kuhusu maisha mazuri. Sina ubaya naye. Nina swali moja tu: akitoka humo ndani anaketi wapi? Picha nyingi ukiziangalia vizuri, mlango unafungukia koridoni, ama nje kabisa.

Nakuuliza wewe kwa sababu najua uko kwenye lile grupu la familia, mnachanga. Kuna aliye Doha, kuna aliye Nairobi, na kuna wewe hapa Kakamega unayetumwa kwa fundi. Mnataka kubomoa bafu la mabati nyuma ya nyumba ya wazazi na kuwajengea kitu cha maana. Fundi ameshapiga hesabu: hita, vigae, mlango wa kioo. Chumba cha kupumzikia hakimo. Ukikitaja, mtu anauliza kama ni stoo.

Mimi nasema hivi: kama doo inatosha kitu kimoja, anzeni na hicho chumba. Maji ya moto kwenye karai yatasukuma siku hadi sauna ifike.

Kwanza, fikiria joto lenyewe. Sauna ya Kifini hufika nyuzi 80 hadi 100, na watu wengi hawamalizi dakika 20 ndani. Ukitoka, mishipa ya damu imepanuka, presha imeshuka, na ukisimama ghafla unaweza kuona giza. Kwa mzee anayemeza dawa za presha hilo si jambo la kucheza nalo, na aulize daktari kabla hajaingia. Kuketi hadi mwili upoe ni sehemu ya kuoga. Wafini wanalijua hilo. Utamaduni wao wa sauna uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2020, na ndani yake kuna kutoka, kuketi, kupiga stori, kisha kurudi.

Na usiniambie hayo ni mambo ya wazungu. Kule Mji Mkongwe, Zanzibar, kuna mtaa unaitwa Hamamni kwa sababu ya hamamu zilizojengwa enzi za Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. Hamamu haikuwa shimo la mvuke tu. Ilikuwa na vyumba kadhaa, watu wakiingia kwenye joto na kutoka kwa hatua. Hata hapa kwetu, kukhu alipokufukiza kwa majani ya mikaratusi, blanketi kichwani, je, alikuacha utoke nje upigwe na upepo? Ulikaa hapo hapo umefunikwa mpaka jasho likauke. Kukhu hakuwa na sauna, lakini pa kukuketisha alipajua.

Sasa ujenzi. Kakamega iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari na hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Adui wako ni unyevu. Fundi akikupendekezea dari ya jipsamu, kataa, itanyonya maji na kuota kuvu. Weka madirisha mawili yanayotazamana ili hewa ipite, moja liangalie migomba au miti, si barabara. Sakafu iwe ya saruji iliyokwaruzwa kidogo au vigae visivyoteleza, imeinama kuelekea shimo la maji. Kizingiti kisiwepo. Mama asiruke kitu akiwa na miguu yenye maji.

Usinunue sofa. Sponji na mvuke haviivani, msimu mmoja wa mvua na chumba kizima kitanuka. Jenga baraza ya matofali iliyoshikana na ukuta, kama zile za Pwani, kimo cha kiti cha kawaida, sentimita 45 hivi, na upana wa kumwezesha mtu kujinyoosha. Juu yake fundi wa jua kali akupigie mbao za saipresi zilizokauka sawasawa. Tandika mkeka wa mafunjo unaoweza kuanikwa. Ongeza vigingi vya taulo na leso, rafu ya maji na chupa ya chai, na taa ya mwanga hafifu. Televisheni ibaki sebuleni.

Na baridi ikizidi, tafadhali, usiingize jiko la makaa humo na kufunga madirisha. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na inaua watu wakiwa wamelala. Blanketi inatosha.

Angalia pia gharama ya baadaye. Hita ya kilowati 6 ikiwaka saa nzima inaweza kula yuniti 6 za stima. Tokeni zikiisha, sauna ni kabati. Baraza haidai tokeni.

Lakini mazee, sidhani tunaruka chumba hiki kwa sababu ya pesa. Ni aibu. Tumelelewa tukiamini aliyeketi ni mvivu. Mimi niliacha chuo njiani, na tangu hapo kila anayenikuta nimeketi ananiuliza, "Siku hizi unafanya nini?" Sasa mtazame mama. Ameamka saa kumi na moja, ng'ombe, shamba, soko. Usiku anaoga haraka haraka kwenye mabati, karai juu ya jiwe, kisha anaenda moja kwa moja kusonga ugali. Viti vizuri vya sebuleni ni vya wageni. Boma zima hakuna kiti ambacho ni chake.

Utaniambia chumba kikavu chenye hewa safi huku kwetu kitajaa magunia ya mahindi kabla ya Desemba. Kweli kabisa. Ndiyo maana nimesema baraza ishikane na ukuta, isiondolewe. Na kama boma halina stoo, jengeni stoo pia, ndogo, pembeni. Mkipuuza mahindi, yatashinda.

Pia muulizeni mwenyewe. Anataka dirisha liangalie wapi? Anapenda kuketi peke yake au na jirani? Hilo swali ni bure, na sijaona grupu la familia likiliuliza. Sisi huamua rangi ya vigae kwanza.

Kwa hivyo leo jioni, kabla hujamtumia fundi pesa ya kwanza, andika kwenye grupu: mama akishaoga, ataketi wapi? Watakaojibu "sebuleni", waambie waende wakajaribu wao, wakiwa wamelowa, mbele ya wageni.